Kitita cha bima kimkumbuke na anayetafuta mtoto

Hotuba kwa wauguzi, madiwani, viongozi wa dini na vikundi vya akina mama na akina baba, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa madiwani mliopata nafasi ya kufika, wauguzi na madaktari wenzangu, masheikh na wachungaji wetu, akina mama na akina baba: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru kwa kunialika. Nawashukuru zaidi kwa kukubali kwamba jambo hili lizungumzwe ukumbini, mbele za watu, maana tumezoea kulizungumza jikoni kwa sauti ya chini.

Nimeombwa nizungumzie sera ya kulipia matibabu ya ugumba: nani alipe, alipe nini, na kwa masharti gani. Mimi ni mkunga. Kwa mkunga, sera ni lile jibu analopewa mtu akifika dirishani na karatasi mkononi. Kama jibu ni "mama, hii huduma haimo," basi hiyo ndiyo sera, hata kama kule juu iliandikwa kwa maneno mazuri namna gani.

Nianze na tunalolifanya vizuri. Tangu nchi yetu ilipoanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu mwaka 1993, wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 waliwekewa msamaha katika vituo vya serikali. Mwanamke ambaye hataki kubeba mimba kwa sasa naye ana mlango wake. Akiona kibao cha Nyota ya Kijani, alama ya uzazi wa mpango, anaingia, anaelezwa, anachagua vidonge, sindano, vijiti au kitanzi, halipi. UMATI, Chama cha Uzazi na Malezi Bora, wameifanya kazi hiyo tangu 1959, kabla ya Uhuru. Nimeifanya kazi hiyo mimi mwenyewe na ninajivunia.

Sasa njooni kwa mwanamke wa tatu. Huyu anaitaka mimba na haiji. Kliniki ya wajawazito haimhusu, kwa sababu si mjamzito. Kliniki ya uzazi wa mpango haimhusu, kwa sababu hakuna anachoahirisha. Anaelekezwa kwa daktari wa magonjwa ya kina mama, anaandikiwa vipimo, na kwa kipimo kimoja baada ya kingine anaambiwa alipe papo kwa papo. Akiuliza habari ya msamaha, ofisi ya ustawi wa jamii haina kipengele cha kumweka. Wote watatu ni wanawake wenye jambo moja, uzazi. Wawili tumewajengea nyumba. Wa tatu tumemwacha uani.

Mwaka 1994 kule Cairo, mataifa 179 yalikubaliana juu ya idadi ya watu na maendeleo, na katika maelezo ya huduma ya afya ya uzazi kwenye ngazi ya msingi yaliandika kuzuia ugumba na kuutibu inavyofaa. Yaliandika hayo mahali palepale yalipoandika uzazi wa mpango na huduma ya kujifungua. Miaka zaidi ya 30 imepita. Sehemu moja ya sentensi ile tumeitekeleza kwa bidii, sehemu nyingine tumeiacha.

Mtaniuliza, hivi tatizo lenyewe ni kubwa kiasi hicho? Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti Aprili 2023. Karibu mtu 1 kati ya 6 hukutana na ugumba wakati fulani wa maisha yake. Katika nchi tajiri ni asilimia 17.8, katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni asilimia 16.5. Tazameni jinsi namba hizo zilivyo karibu. Maradhi hayakumchagua maskini wala tajiri. Kinachowatenganisha ni nani anatibiwa. Na hapa namaanisha wenzi waliokaa pamoja miezi 12 au zaidi, wanakutana kama kawaida, hawatumii kinga, na mimba haijashika. Si mabibi harusi wa miezi mitatu ambao mama mkwe ameanza kuwaangalia tumbo.

Wengi tukisikia ugumba tunamwona mwanamke ambaye hajawahi kushika mimba hata siku moja. Hapa kwetu Afrika mara nyingi sana ni mwanamke aliyezaa mtoto mmoja, halafu ikawa basi. Alijifungua, akapata homa kali baada ya siku chache, akatibiwa nusu nusu. Au mimba iliharibika na kizazi kikaingia maambukizi. Au ilitolewa gizani na mtu asiye na ujuzi. Au miaka ya nyuma alipata kisonono au klamidia. Klamidia haina makelele, mwanamke anaweza kukaa nayo muda mrefu bila kuhisi lolote, huku inapanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Siku anapokuja kutafuta mtoto wa pili, mirija imeziba pande zote mbili. Kifua kikuu nacho kinaweza kushambulia mirija na kizazi. Kwa ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa, kichocho kinachoshambulia via vya uzazi kinahusishwa na shida hiyohiyo.

Nimeyataja hayo kwa sababu kuna watu wanadhani kulipia matibabu ya ugumba ni kununua anasa kwa ajili ya wachache. Sehemu kubwa ya ugumba wetu ni deni la huduma za msingi ambazo hazikutolewa kwa wakati: dawa ya maambukizi ambayo haikuwepo, mume ambaye hakuitwa naye atibiwe, mzazi aliyeruhusiwa kwenda nyumbani bila mtu kumrudia. Mfumo wa afya ulikuwa na sehemu katika kumfikisha pale alipo. Ni haki uwe na sehemu katika kumtoa.

Naomba sasa niseme juu ya akina baba, na nawaomba msinikimbie. Katika wenzi wanaotafuta mtoto bila mafanikio, mwanaume huwa na mchango katika karibu nusu ya hali hizo, iwe peke yake au pamoja na mwenzake. Mbegu zinaweza kuwa chache, zikawa hazina mwendo, au zisiwepo kabisa. Mishipa ya korodani inaweza kuvimba. Matubwitubwi ya ukubwani yanaweza kuharibu korodani. Na mwanaume mwenye shida hizi anaweza kuwa na nguvu zake zote za kitandani, hana dalili yoyote. Lakini ni nani anayetangulia hospitali? Mke. Ni nani anayenyweshwa mizizi? Mke. Nimewaona wanawake waliopigwa picha ya mirija, wakapimwa homoni, wakafanyiwa hata upasuaji, na mume hajatoa kipimo kimoja cha mbegu, kipimo ambacho hakihitaji kisu wala sindano. Fedha ya familia imekwisha kabla hata ya kujua ugonjwa uko kwa nani.

Hapa ndipo sera inapoweza kufanya kazi ambayo mkunga peke yake hawezi. Kama kitita, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa na bima, kingesema kwamba uchunguzi wa ugumba unalipiwa kwa wenzi wote wawili, na kipimo cha mbegu kinakuwa miongoni mwa vipimo vya mwanzo, daktari angekuwa na la kumwambia yule baba: "Utaratibu wa bima ni huu, mzee wangu, tunaanza pamoja." Inamwondolea mke mzigo wa kumbembeleza. Baba mwenyewe naye inamwondolea aibu, maana hakuna aliyemnyooshea kidole.

Lakini kuandika tu hakutoshi, na hapa nataka wapangaji wasikie mambo ya sakafuni. Sampuli ya mbegu inatakiwa ifike maabara ndani ya saa 1 hivi, ikiwa bado na joto la mwili. Mwambie mtu wa Chanika aitolee nyumbani kisha apande daladala hadi Upanga asubuhi ya Jumatatu, na foleni ile mnaijua. Itafika imekufa, atapewa majibu mabaya, atarudi nyumbani amevunjika moyo kwa kosa la barabara. Dawa yake ni chumba kidogo chenye kitasa na sinki karibu na maabara, katika hospitali zetu za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala, na mtaalamu wa maabara aliyefundishwa kuhesabu mbegu kwa hadubini. Baba aelezwe mapema akae siku 2 hadi 7 bila kukutana na mke. Majibu yakija na kasoro, arudie baada ya miezi kama 3, kwa sababu mwili huchukua muda huo kutengeneza mbegu mpya. Fedha ya kufanya hayo si ya kutisha.

Picha ya mirija nayo ina siku zake. Hupigwa baada ya hedhi kukauka na kabla yai halijapevuka, siku chache tu katika mwezi mzima. Mashine ikiwa mbovu wiki hiyo, au mama akikosa fedha wiki hiyo, amepoteza mwezi. Akikosa tena, mwezi mwingine. Mwanamke wa miaka 37 hana miezi ya kupoteza, maana uwezo wa mayai unashuka kwa kasi kuanzia katikati ya miaka ya 30. Ndiyo sababu sisi wa kliniki tunasema aliyefika miaka 35 asisubiri mwaka mzima, miezi 6 ikipita aje.

Na anapokosa mlango hospitali, haendi kukaa kimya. Pitieni barabara yoyote ya jiji hili, tazameni nguzo za umeme. Karatasi zimebandikwa: dawa ya kizazi, dawa ya mirija, kurudisha mume, na namba ya simu. Wapo wanaouza vidonge vya kuingiza ukeni "kusafisha kizazi", na wanaovitumia huja kwetu na majeraha na maambukizi mapya juu ya yale ya zamani. Wapo waliokopa mikopo ya kausha damu ili walipie tiba isiyokuwa tiba. Siwalaumu hata kidogo. Mama ambaye mawifi wamekwisha kuanza kumtafutia mumewe mke mwingine atanunua chochote anachouziwa kwa jina la mtoto. Kwa hiyo anayesema serikali haina fedha ya jambo hili akumbuke kwamba fedha inatumika kila siku. Inatoka kwenye mifuko ya watu wa Mbagala na Gongo la Mboto, na inakwenda kwa watu wasiowatibu.

Nije kwenye kitita chenyewe. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wote mnakumbuka Machi 2024, kitita kipya cha NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kilipoanza na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kuwahudumia wanachama kwa sababu ya bei. Siku zile kila mtu mjini alijifunza kwamba kitita ni orodha, na kilichomo kwenye orodha ndicho unachopata. Orodha huandikwa na watu, hupitiwa na watu, hubadilishwa na watu. Duniani kote bima zina mazoea ya zamani ya kuyaweka matibabu ya ugumba kwenye ukurasa wa yasiyolipiwa, pamoja na upasuaji wa urembo. Mazoea hayo ndiyo ninayoomba tuyapitie upya.

Nimesoma kwa makini yaliyowapata Waingereza, na naomba mnivumilie hapa maana kuna mengi ya kutufaa. Upandikizaji mimba, ule wengi mnaouita IVF, ambapo yai la mama hukutanishwa na mbegu maabara na kiinitete kinachopatikana hurudishwa tumboni, ulizaliwa kwao. Mtoto wa kwanza, Louise Brown, alizaliwa Oldham tarehe 25 Julai 1978, kwa kazi ya Patrick Steptoe, Robert Edwards na Jean Purdy. Wana huduma ya afya ya taifa inayolipiwa kwa kodi. Mwaka 2004 taasisi yao ya kutoa miongozo ya tiba, NICE, ilipendekeza mizunguko 3 ya upandikizaji kwa wanawake wa miaka 23 hadi 39 waliotimiza vigezo. Mwaka 2013 ikaupitia upya: mizunguko 3 kamili kwa aliye chini ya miaka 40, na mzunguko 1 kwa wa miaka 40 hadi 42, nao kwa masharti.

Ukisoma mwongozo huo unasema, wenzetu wamemaliza kazi. Hapana. Mwongozo ule haufungi mtu. Wanaoshika fedha ni bodi za kila eneo, na England ilipoziunda upya mwaka 2022 zilikuwa 42, kila moja na sera yake ya ugumba. Maeneo mengi hutoa mzunguko 1 tu, machache ndiyo hutoa 3. Scotland, ambayo huduma yake inajitegemea, hutoa 3 kwa wanaotimiza vigezo. Kwa hiyo wanawake wawili wenye umri mmoja na ugonjwa mmoja, wanaolipa kodi kwa serikali moja, wanapewa majibu tofauti kwa sababu ya mtaa wanaoishi. Baadhi ya bodi zikabadilisha hata maana ya mzunguko. NICE ilisema mzunguko kamili ni kuchochea mayai mara moja, kisha kupandikiza viinitete vyote vizuri vilivyopatikana, vibichi na vilivyogandishwa. Bodi nyingine zikasema sisi tutalipia kibichi kimoja na kilichogandishwa kimoja, vilivyobaki shauri yako. Neno limebaki lilelile kwenye karatasi, huduma imepungua.

Sisi tuna halmashauri 5 katika mkoa huu peke yake: Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Tukiandika sera nzuri Dodoma, halafu tukasema utekelezaji utategemea uwezo wa kila halmashauri, nawaambia mapema yatakayotokea. Wa Kinondoni atapimwa, wa Kigamboni atavuka maji kutafuta, na wa Nachingwea hatapata kabisa. Waheshimiwa madiwani, hilo ndilo ninalowaomba mlikatae tangu mwanzo. Masharti yawe mamoja nchi nzima, yabandikwe ukutani kwa Kiswahili, kila mtu ayasome.

Kuna sharti jingine la Waingereza ambalo likiletwa hapa bila kutazamwa litatuumiza. Bodi nyingi humkatalia mwanamke kama mwenzi wake ana mtoto kutoka uhusiano wa zamani. Kwao wameona ni njia ya kugawana kidogo kilichopo. Kwetu je? Mwanamke ameolewa mke wa pili, mume ana watoto wanne kwa bi mkubwa. Au ameolewa na mjane. Mwanamke huyu hana mtoto hata mmoja, na ndiye anayebeba lawama nyumba nzima. Ukimwambia kwamba bima imehesabu watoto wa mumewe kuwa wake, umemfungia mlango yule hasa aliyestahili kufunguliwa. Sharti la watoto, kama ni lazima liwepo, lihesabu watoto wa anayetibiwa.

Wabelgiji nao wana la kutufundisha, na hili nalipenda kuliko yote. Tarehe 1 Julai 2003 bima yao ya umma ilianza kulipia gharama za maabara za upandikizaji, hadi mizunguko 6, kwa wanawake walio chini ya miaka 43. Lakini waliweka sharti: idadi ya viinitete vinavyorudishwa tumboni iwe na kikomo, na kwa mwanamke aliye chini ya miaka 36 mzunguko wa kwanza kirudi kimoja tu. Sababu ni hii. Mtu anayelipa mwenyewe mamilioni ya shilingi, na anajua hatapata fedha nyingine, atamwomba daktari amwekee viwili au vitatu ili asikose. Matokeo ni mapacha, mapacha watatu, watoto wanaozaliwa kabla ya wakati, na mama anayepata kifafa cha mimba. Gharama ya wodi ya watoto njiti hailipwi na hospitali iliyopandikiza, inaangukia hospitali ya umma. Wabelgiji walihesabu kwamba wakipunguza mapacha wataokoa fedha za kulipia mizunguko, na mimba za mapacha zilipungua kwa zaidi ya nusu. Mkunga yeyote aliyelala zamu wodi ya njiti ataelewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Hapa jijini Muhimbili wamejenga huduma hii, na wenzetu wa hospitali binafsi, kama Kairuki kule Bunju, wanaifanya. Basi huduma ipo na itakua. Serikali ikikaa pembeni kwa kisingizio kwamba hailipii, bado itazilipia njiti. Anayelipa ndiye mwenye sauti ya kuweka kikomo.

Wengine nitawataja kwa kupita. Japani waliingiza matibabu haya katika bima ya taifa Aprili 2022, hadi mara 6 kwa aliye chini ya miaka 40 na mara 3 kwa wa miaka 40 hadi 42. Ufaransa hulipia majaribio 4. Afrika Kusini hawakuweza kulipa yote, lakini katika hospitali ya umma ya Groote Schuur, Cape Town, mgonjwa huchangia sehemu na umma unabeba sehemu. Na Novemba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kabisa wa kuzuia, kupima na kutibu ugumba, wenye mapendekezo 40, likizitaka nchi ziuingize katika mipango yao ya afya. Likasema kuna mahali mzunguko mmoja wa upandikizaji unagharimu mara mbili ya kipato cha kaya cha mwaka mzima.

Najua yanayosemwa upande wa pili, na wanaoyasema si watu wabaya. Wanasema Mtanzania wa wastani bado anazaa sana, utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 4.8 kwa mwanamke, tunaongezaje? Nawajibu kwamba wastani haumnyonyeshi mtu. Mwanamke wa Yombo asiye na mtoto hapungukiwi na uchungu kwa sababu jirani yake ana saba. Nchi inayosema kila mtu azae kwa idadi anayoitaka na wakati anaoutaka haiwezi kumaanisha wale wanaotaka wachache peke yao.

Wanasema pia kwamba akina mama bado wanakufa wakijifungua, hiyo ndiyo ije kwanza. Kwa hili nakubaliana nao kwa moyo wote. Utafiti huohuo wa 2022 ulionyesha vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, tumeshuka sana, na bado kila kimoja ni kingi. Sitaki shilingi iondolewe kwenye damu salama wala kwenye gari la wagonjwa. Ndiyo maana siombi tuanze na upandikizaji kwa wote. Naomba tuanze na uchunguzi wa wenzi wote wawili, tiba ya maambukizi kwa mke na mume kwa pamoja, vidonge vya kupevusha mayai kama letrozoli na klomifeni kwa wanaohitaji, na upasuaji wa uvimbe wa kizazi unaozuia mimba. Haya yakifanyika mapema, wengi hawatafika kwenye upandikizaji kabisa. Na yule mama anayekufa kwa maambukizi baada ya kujifungua ni ndugu wa huyu aliyepona na mirija ikaziba. Ukimtunza wa kwanza umemkinga wa pili.

Masheikh na wachungaji, mapadri mliopo, najua mtoto ni majaliwa ya Mungu, nami nasema amina. Najua pia kwamba dini zetu zina misimamo tofauti juu ya upandikizaji. Kanisa Katoliki haliukubali. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanauruhusu kati ya mume na mke waliomo ndani ya ndoa, bila mtu wa tatu kuingia. Sera nzuri haimlazimishi mtu. Lakini kumpima mtu, kumtibu maambukizi, kumwondolea uvimbe, hakuna dini hapa inayokataza. Tena nawaomba mtusaidie kule tusikofika. Kwenye mafundisho ya ndoa waelezeni vijana kwamba wakikwama waje wawili. Neno hilo likitoka mimbarani lina uzito ambao kipeperushi changu hakina.

Ipo pia njia ya kuasili mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 imeiweka wazi, na ofisi za ustawi wa jamii zinaishughulikia. Ni njia njema. Lakini isiwe jibu la kumfukuzia mtu dirishani. Mtu achague kuasili akiwa ameshajua ugonjwa wake ni nini, siyo kwa sababu hakuwa na fedha ya kipimo.

Kwa upandikizaji wenyewe, ninachopendekeza ni idadi ndogo inayolipiwa na umma kila mwaka katika hospitali ya taifa, kwa wale ambao hatua za mwanzo zimeshindikana, kwanza walioziba mirija yote miwili na wenzi ambao mbegu zao ni chache mno. Kiinitete kimoja kwa wakati kwa walio na umri mdogo. Umri wenye kikomo kinachojulikana, na saa ya kikomo hicho isimamishwe siku mtu alipoingia kwenye foleni, asije akaingia ana miaka 38 akaitwa amekwisha kuvuka kikomo kwa kosa la foleni yetu. Wachangie kidogo wanaoweza. Na orodha ya waliopata na waliokosa itolewe kila mwaka bila majina, kwa mkoa na kwa umri, ili tuone kama anayepata ni anayestahili au ni anayemjua mtu.

Karatasi za maoni ziko pale mezani karibu na mlango. Tumeandika maombi mawili tu ya kupeleka wizarani na kwenye mfuko: kipimo cha mbegu na picha ya mirija viingie kwenye kitita cha msingi, na vitolewe Amana, Temeke na Mwananyamala na katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa nchini. Wanaotaka kuongeza la kwao waandike chini, tumeacha nafasi. Asiyetaka jina lake lionekane aandike mtaa wake tu.

Sasa nakaribisha maswali, ndugu mwenyekiti, na kwa ruhusa yako naomba tuanze na akina baba.